Roboti, Kumbukumbu na Utu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kikundi chetu hukutana Majengo, Moshi, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Tunatazama muvi ya roboti au tunasoma hadithi, kisha tunabishana mpaka mlinzi aje kutuambia anafunga geti. Kila mgeni anauliza yaleyale aliyouliza mgeni aliyemtangulia, nami nimechoka kuyajibu huku nakunja nyaya za projekta, kwa hiyo nimeyaandika. Majibu ni yangu. Wapo wenzangu wasiokubaliana nayo, na watakuambia wenyewe ukija. Humu nimeeleza mwisho wa karibu kila hadithi, basi kama hupendi kusimuliwa kabla hujaona, soma baadaye.

Mbona muvi za roboti karibu zote zinaishia kwenye kumbukumbu?

Kwa sababu kamera haiwezi kupiga picha ya roho. Mtunzi anayetaka tuamini kwamba kitu kilichotoka kiwandani kimekuwa mtu hana namna ya kutufungulia kifua chake tukaona. Anachoweza ni kutuonyesha picha iliyochakaa pembe, wimbo wa utotoni, au jina ambalo roboti akilisikia anasimama ghafla.

Wazo lenyewe ni la kale kuliko sinema. John Locke, mwanafalsafa wa Uingereza, alilieleza mwaka 1694 katika toleo la pili la kitabu chake kuhusu ufahamu wa binadamu. Alisema, tuchukulie nafsi ya mwana wa mfalme, pamoja na kumbukumbu zote za maisha yake, imehamia kwenye mwili wa fundi viatu. Majirani watamwita fundi viatu, maana sura wanayoiona ni ileile. Locke akasema, wa kuulizwa matendo ya mwana wa mfalme ni huyu, kwa kuwa ndiye anayeyakumbuka kuwa yake. Watunzi wa hadithi za kisayansi wamechota hapo mpaka leo.

Kwa maoni yangu Locke alipata nusu. Hiyo nusu nyingine ndiyo imefanya ukurasa huu uwe mrefu.

Roboti wa kwanza kabisa kwenye hadithi alikuwa na kumbukumbu?

Alikuwa nayo, tena kubwa kuliko yako na yangu. Karel Čapek wa Chekoslovakia aliandika tamthilia ya R.U.R. mwaka 1920, ikaonyeshwa jukwaani Prague mwaka 1921, na neno roboti lilisambaa duniani kutoka humo. Roboti wake si wa bati na skrubu kama watoto wanavyowachora. Wameumbwa kwa ute ulio hai, ukiwaona utadhani ni watu. Mapema kabisa kwenye mchezo tunaambiwa kwamba ukiwasomea kamusi elezo ya juzuu 20 wataikariri yote kwa mpangilio, ila hawatabuni jambo jipya hata moja.

Yaani Čapek alishakata shauri tangu mwanzo: kuhifadhi si utu. Hata flashi unayonunua stendi inahifadhi. Kinachogeuza mambo kinakuja mwishoni kabisa. Binadamu mmoja tu amebaki hai, naye anataka kumpasua roboti ili achunguze wanavyofanya kazi. Akimchagua Helena, Primus anasema nichukue mimi. Akimchagua Primus, Helena anasema nichukue mimi. Mzee anaelewa anachokiona, anawaachia waende zao.

Nimemwonea huruma Rachael, lakini si kumbukumbu zake zote ni za uongo?

Hili ni swali la Blade Runner ya mwaka 1982, na ndilo swali ninalolipenda kuliko yote humu, basi nivumilie.

Turudi kwenye eneo lenyewe. Rachael amekuja usiku nyumbani kwa Deckard, askari anayewasaka roboti, akiwa na picha ya utotoni, yeye na mama yake. Ameileta iwe ushahidi kwamba yeye ni binadamu aliyezaliwa. Deckard hana habari na picha. Anaanza kumsimulia Rachael mambo ya Rachael: unamkumbuka yule buibui aliyekuwa nje ya dirisha lako, mwili rangi ya chungwa, miguu ya kijani? Ulimtazama akisuka utando majira yote ya joto, mpaka siku moja likaonekana yai kubwa. Hapo Rachael anaipokea hadithi mwenyewe na kuimalizia: yai likapasuka, wakatoka buibui wadogo mia moja, wakamla mama yao. Deckard anamwambia hizo kumbukumbu zimepandikizwa, ni za mpwa wa Tyrell, mwenye kampuni iliyomtengeneza.

Sasa, uongo uko wapi? Kwa jinsi hadithi inavyosema, buibui alikuwepo, yai lilikuwepo, na yupo msichana aliyesimama dirishani akaona. Kila kitu ni kweli, ila kina mwenyewe, na mwenyewe si Rachael. Ingekuwa imetungwa tu, angesema nimedanganywa, akakasirika, yakaisha. Hii inamwacha na dunia nzima ya utoto ambayo hamna hata mtu mmoja ndani yake wa kumwambia, "Ndiyo, nakumbuka, tulikuwa wote." Mama wa kwenye picha hamjui. Nyumba ya kwenye kumbukumbu, akibisha hodi, watamuuliza wewe nani.

Ndiyo maana namlilia. Alichonyang'anywa usiku ule ni mashahidi, maana buibui bado anamwona vizuri kama jana.

Yule adui mwenye nywele nyeupe, kwa nini anamwokoa steringi halafu anaanza kuhutubia?

Banda umiza lilitufundisha kwamba steringi hafi. Hapa, kwenye Blade Runner hiyohiyo, Roy Batty, roboti anayesakwa na Deckard, anakufa, na watu wanatoka ukumbini wakimzungumza yeye, kwa hiyo steringi ni nani, mjadala bado uko wazi.

Roy na wenzake wamepewa miaka 4 tu ya kuishi. Yake imefika mwisho. Amemkimbiza Deckard mpaka juu ya paa, Deckard ananing'inia, na Roy anamvuta juu badala ya kumwacha aanguke. Kisha anakaa mvuani na kutaja mambo aliyoyaona mbali huko angani, ambayo binadamu wasingeyaamini, na kwamba yote yatapotea kama machozi kwenye mvua. Mwigizaji wake, Rutger Hauer, alikata hotuba iliyokuwa kwenye skripti na kuongeza mwenyewe hayo maneno ya machozi. Alifanya vyema.

Watu wanasema Roy alipata huruma dakika ya mwisho. Sikatai. Ila mtazame tena: amebeba kumbukumbu ambazo hakuna mwingine anazo, wenzake wote wamekufa, na juu ya paa kuna sikio moja tu, nalo ni la mtu aliyetumwa kumuua. Akimwacha aanguke, yale yote hayajawahi kutokea. Roy alihitaji wa kumsikia.

Kitabu na muvi ni kitu kimoja?

Hapana. Riwaya ya Philip K. Dick iliyozaa Blade Runner ni ya mwaka 1968, na kipimo chake kikuu ni huruma, hasa kwa wanyama, ambao karibu wote wameshakufa kiasi kwamba Deckard anafuga kondoo wa umeme kwa kuwaonea haya majirani. Buibui wa dirishani na machozi mvuani ni vya muvi. Soma vyote viwili.

Ghost in the Shell ilinichanganya. Yule mzoa taka ana shida gani?

Mwili wa mashine wa Meja Kusanagi, polisi ambaye ndiye steringi, ndio unaochorwa kwenye mabango, lakini moyo wa ile filamu ya mwaka 1995 uko kwa huyo mzoa taka, na anapewa dakika chache tu.

Ni mtu wa kawaida, anaendesha gari la taka. Anamwambia mwenzake kwamba mkewe anataka talaka na anamzuia kumwona binti yake. Amepata programu kwa jamaa mmoja, anadukua mawasiliano ili ajue mke anawaza nini. Polisi wanamkamata. Chumba cha mahojiano, meza, kioo. Wanamwambia huna mke. Huna binti. Umeishi peke yako kwenye hicho chumba miaka mingi, habari yote ya familia umetiwa kichwani na mtu aliyekuwa anakutumia. Wanamwonyesha picha aliyokuwa akiwaonyesha watu kazini, ile ya mtoto anayetabasamu. Yumo yeye mwenyewe, mtoto hayumo. Anauliza, sasa zitaondolewaje hizi kumbukumbu? Hawana jibu la kumfariji.

Huyo si roboti. Ni binadamu wa kuzaliwa na mama yake, lakini yamemkuta yaleyale ya Rachael, tena yeye kwa ubaya zaidi, maana buibui wa Rachael alikuwa na mwenyewe. Binti wa mzoa taka hana mwenyewe popote duniani. Anayebisha kwamba kumbukumbu ndiyo mpaka kati ya mtu na mashine aanze kwa kunieleza huyu amweke upande gani.

Kwani kumbukumbu zetu sisi zina uhakika gani?

Mdogo. Mwaka 1995 Elizabeth Loftus na Jacqueline Pickrell, Marekani, waliwapa watu 24 kijitabu cha visa vya utoto wao vilivyokusanywa kwa ndugu zao. Visa 3 vilikuwa vya kweli. Cha nne, kwamba walipotea wakiwa wadogo kwenye jengo la maduka, kilikuwa cha kutunga. Karibu robo yao walikikumbuka, chote au kipande. Hapakuwa na waya wala upasuaji, walipewa tu maneno wasome na kuambiwa yametoka nyumbani.

Mwenzetu mmoja hunirushia utafiti huo kila nikisema habari za mashahidi. Anasema hao ndugu ndio waliotumika kupandikiza. Ana hoja. Shahidi anaweza kukutia uongo, na mzazi anaweza kukulea na historia isiyokuwepo. Lakini namjibu hivi: nenda msiba wowote wa Kibosho au Old Moshi, sikiliza historia ya marehemu inavyosomwa. Msomaji amesimama na karatasi yake, anasema marehemu alianza kazi Mwanza mwaka 1978. Kutoka kwenye viti vya plastiki shangazi mtu anadakia, "Themanini! Kwanza alikuwa Tabora." Msomaji anasimama, anatoa kalamu, anarekebisha, anaendelea. Hakuna aliyeona amevunjiwa heshima. Mzoa taka hakuwa na shangazi wa kudakia. Kosa lililoingia kichwani mwake lilikaa humo bila mtu wa kulipinga, na aliyelipanda alilijua hilo.

Bibi yangu hanitambui tena. Kwa hesabu hizo, si mtu?

Ni mtu. Swali hili huletwa pembeni, watu wakishaondoka, na kanuni ya Locke hapa ndipo inapokwama.

Alianza kupingwa zamani. Thomas Reid wa Scotland, mwaka 1785, alitoa mfano wa jenerali mzee anayekumbuka alivyoteka bendera ya adui akiwa afisa kijana, lakini amesahau kabisa alivyochapwa akiwa mtoto kwa kuiba matunda. Yule afisa kijana alikuwa anaikumbuka fimbo. Basi kwa kanuni ya Locke jenerali ni afisa, afisa ni yule mtoto, na jenerali si yule mtoto. Haiingii akilini.

Kisha kuna Henry Molaison, Mmarekani aliyefanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 1953 ili kumtibu kifafa. Tangu siku hiyo hadi kufa kwake mwaka 2008 hakuweza kutunza kumbukumbu mpya za mambo yanayomtokea. Mtafiti Brenda Milner alimpa zoezi la kuchora nyota huku akitazama mkono wake kwenye kioo. Siku baada ya siku alichora vizuri zaidi, na kila mara aliamini hajawahi kulifanya. Mkono ulikuwa unajua, yeye hajui. Miaka yote hiyo hakuna aliyemtendea kama kitu, na sayansi ya kumbukumbu inamdai shukrani mpaka leo.

Bibi yako amesahau jina lako, lakini wewe unalijua lake, na mnaokaa naye mnajua anataka chai yake iwe na tangawizi kiasi gani. Sehemu ya maisha yake imehamia kwenu kutunzwa. Msalimie. Mpe shikamoo yake hata asipoitikia.

Kwa nini kumfuta roboti kumbukumbu kunaonyeshwa kama mauaji?

Mtazame HAL 9000, kompyuta inayoongoza chombo cha angani kwenye filamu ya 2001: A Space Odyssey, mwaka 1968. Ameshaua watu ndani ya chombo, anastahili kuzimwa, na bado tunamsikitikia pale mwanaanga Dave anapovichomoa vipande vya kumbukumbu kimoja kimoja. Sauti inazidi kuwa nzito. HAL anasema anahisi akili yake inaondoka. Mwisho anabaki na wimbo aliofundishwa mwanzo kabisa, Daisy Bell, ambao kompyuta ya IBM iliuimba kweli kwenye maabara za Bell mwaka 1961. Ni kama anarudi utotoni.

WALL-E ya mwaka 2008 imefanya hivyohivyo kwa watoto. Anabadilishwa bodi, anaamka, macho ni yale, magurudumu yale, anaanza kugandamiza takataka pamoja na vitu alivyokuwa akivithamini. EVE, roboti mwenzake, anamwonyesha kimoja kimoja. Hamjui. Kinachomrudisha ni kushikwa mkono, sinema ya kitoto kabisa, na nimewahi kuona wanaume wazima wa ukumbi wetu wakitafuta leso.

Ona nani anaumia kwenye eneo hilo. WALL-E hana shida, hajui amepoteza nini. Anayeumia ni EVE.

Andrew wa Asimov aliishi miaka 200. Kwa nini achague kufa?

Hadithi ya Isaac Asimov kuhusu Andrew Martin ilitoka mwaka 1976. Andrew ni roboti wa nyumbani anayechonga mbao vizuri ajabu. Anapata fedha, ananunua uhuru wake mahakamani, anavaa nguo, anajibadilishia viungo vya mwili kimoja baada ya kingine. Sheria inamkubalia mengi, isipokuwa jina la binadamu. Anagundua kinachowakera watu: ubongo wake hauchakai. Anaomba afanyiwe upasuaji ili achakae, na anatangazwa kuwa binadamu siku ya kutimiza miaka 200.

Wengi wanaishika hapo, kwamba kufa ndiko kunakomfanya mtu awe mtu. Mimi hushika sentensi za mwisho. Anajitahidi ashikilie wazo la ubinadamu wake lisimtoroke, lakini linalokuja kabla hajazimika ni jina alilomwita binti mdogo wa nyumba ile, aliyekufa zamani. Bunge zima la dunia limemtambua, na yeye anamtafuta mtoto mmoja aliyemjua kwanza.

Basi kwa maoni yako roboti anakuwa mtu lini?

Anapokuwa na watu wa kumkana, nao wasimkane.

Kuna ngano ya Wachaga ambayo wengine mliisikia kwa bibi zenu na imeingia kwenye mikusanyo ya ngano za Afrika. Mjane wa mlimani hana mtoto, kazi zimemzidi. Anapewa mbegu za mabuyu kwa nguvu za roho wa mlima, anazipanda, mabuyu yanazaa, anayaweka ndani yakauke. Akienda shambani yanageuka watoto. Wanafagia, wanateka maji, wanakata kuni, na akirudi ni mabuyu tena. Buyu moja lilikaa karibu na moto, nalo likawa Kitete, asiyekuwa mwepesi kama wenzake lakini mjane anampenda. Siku moja anawakuta katika hali ya utoto wao, wanabaki watoto, maisha yanakuwa mazuri. Mpaka siku mjane anajikwaa kwa Kitete, chakula kinamwagika, hasira zinampanda, anamwambia wewe ni buyu tu. Papo hapo Kitete ni buyu.

Weka hadithi hiyo kando ya Čapek. Zote zinaanza na viumbe wa kufanya kazi. Lakini msimulizi wetu wa mlimani hakuhangaika na kumbukumbu wala ubongo. Hatuambiwi hata kidogo Kitete anawaza nini. Utu wake ulikuwa mdomoni mwa mama yake, ukaponyoka kwa neno moja. Najua kusema hivyo kunatisha, kwa sababu maana yake utu unaweza kunyimwa, na historia imejaa watu walionyimwa. Sisemi ni haki. Nasema ndivyo unavyofanya kazi.

Kazuo Ishiguro, katika riwaya yake ya mwaka 2021, anafika karibu na hapo kwa njia nyingine. Klara, rafiki wa kutengenezwa, anatakiwa ajifunze kila kitu cha msichana Josie, ili Josie akifa aichukue nafasi yake. Ana uwezo huo. Baadaye anasema asingefaulu, kwa sababu kitu cha pekee hakikuwa ndani ya Josie, kilikuwa ndani ya wale waliompenda.

Hapa Moshi tunatania kwamba Mchaga Desemba anakwenda kuhesabiwa. Mabasi ya Dar yanajaa, nauli inapanda, na mtu aliyekaa mwaka mzima Kariakoo anasimama kwenye kihamba cha baba yake aonekane kwamba yupo. Anajikumbuka vizuri akiwa hukohuko Kariakoo, hilo halina shida. Anapanda basi kwa sababu kujikumbuka peke yake hakutoshi.

Kama kumbukumbu zinaweza kuhamishwa, mwili una kazi gani?

Hadithi nyingi zinauchukulia mwili kama gamba la kubadilisha. Ukitaka hoja ya upande mwingine panda Old Moshi. Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa huko, alinyongwa na Wajerumani Machi 1900 pamoja na viongozi wengine, na inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Wazao wake wanajua yeye ni nani, wanasimulia, jina lipo. Kumbukumbu haikupungua. Bado miaka yote wamedai kichwa kirudi kizikwe. Mtunzi anayesema kumbukumbu ikihama mtu amehama wote aje aiseme mbele yao.

Programu ninayochati nayo kwenye simu inakumbuka jina langu na mradi wangu wa kuku. Je, inanijua?

Programu hizi hufunzwa kwa maandishi mengi mno, na mafunzo yanabaki kama namba nyingi ndani yake. Mnapochati, kwa kawaida namba hizo hazibadiliki. Kila inapokujibu, inapewa upya maandishi ya mazungumzo yenu tangu mwanzo, na pale inapokumbuka mambo ya wiki iliyopita, ni kwamba dondoo zilihifadhiwa pembeni na zimechomekwa tena. Ni kama mlinzi mpya kila usiku anayekabidhiwa daftari la zamu: anajua kilichotokea jana, ila hakuwepo.

Je, hilo linaifanya isiwe kitu? Sijasema. Ila ukinifuata hoja yangu, swali la maana ni kama wewe nawe unaibebea kumbukumbu yoyote, na kama ikikosea habari zako ina mtu wa kudakia kama yule shangazi. Mazungumzo ya watu wawili faraghani, mmoja akiwa anasoma daftari, ni mahali pepesi pa kumfanya mtu awe mzoa taka.

Roboti ana roho?

Muulize mchungaji, padri au shehe wako. Nimewahi kuwaleta wote kwenye mjadala mmoja na sitarudia.

Kiswahili hakina hadithi kama hizi?

Za roboti wenye kumbukumbu ni chache. Lakini ipo Walenisi ya Katama Mkangi, mwaka 1995, ambamo Dzombo anarushwa kwa chombo na kutua sayari nyingine yenye jamii isiyofanana na alikotoka. Haizungumzii mashine zaidi ya siasa, ila ni ya kwetu na inasomeka. Na ngano kama ya Kitete ziko nyingi, tunachokosa ni mtu wa kuziandika upya zikiwa na nyaya ndani.

Mimi ni mgeni kabisa. Nianze na ipi, na watoto wanaruhusiwa?

Watoto waje siku ya WALL-E tu. Mkubwa aanze na Blade Runner, kisha Andrew, ambaye ni hadithi fupi unaimaliza kwa safari moja ya Moshi hadi Arusha. Ghost in the Shell usiitazame kwenye simu, maandishi ya chini hayasomeki. Riwaya ya Klara tunayo nakala moja kikundini, inazunguka, na aliye nayo sasa ameikalia mno. Anajijua.